Kilio cha Mama Kantini

Nikisikia mtu akiisifu filamu kwa sababu ilimliza, natema mate. Si ustaarabu, najua, na binti yangu amenikanya nisifanye hivyo mbele ya wageni. Lakini mate hujaa mdomoni kabla sijaamua lolote, kama ya mtu aliyeuma kitu kilichooza, na kila yanapojaa namwona mwanamke mmoja tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta kule Jericho, Nairobi, miaka ya tisini, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kantini.

Jina lake la kanisani lilikuwepo, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa akipika katika kibanda cha mabati nje ya lango la kiwanda kimoja huko Industrial Area. Vibarua waliokuja alfajiri kutafuta kazi walikunywa uji wake kabla hawajajua kama siku hiyo wataitwa ndani au watarudi nyumbani mikono mitupu. Jina la kantini alilipata huko kwa vibarua, likamfuata mpaka mlangoni kwake.

Sijawahi kukutana na mtu aliyechukizwa na mambo mengi kama yeye. Chai ya vuguvugu ilimchukiza. Mtu anayeongea huku anatafuna. Sufuria iliyosuguliwa ndani ikaachwa nyeusi chini. Mwanamume anayekusalimia kwa mkono aliotoka kujikuna nao. Alikuwa na msonyo wake, mfupi na mkavu, na ukiusikia nyuma yako unaanza kujikagua nguo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisugua kizingiti chake cha saruji kwa sabuni na brashi mpaka kikang'aa, na wageni walijifunza kukiruka. Mchungaji wetu alikuja siku moja ya mvua, viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni huku akitabasamu, amebeba Biblia.

"Mchungaji," akamwambia, "leo Mungu tutaongea naye hapo hapo nje."

Na wakaomba hapo hapo nje, kwenye manyunyu.

Lakini kulikuwa na jirani yetu mmoja, dereva wa lori, aliyeugua ule ugonjwa ambao miaka ile hakuna aliyekuwa akiutaja kwa jina. Ndugu zake walimtengea sahani na kijiko. Watu walimsalimu kutoka dirishani. Mama Kantini, yule ambaye hakuweza kunywa kwa kikombe chenye alama ya kidole, aliingia mle ndani na beseni. Alimwosha, akambadilisha shuka, akamkata kucha. Nilipomwuliza jinsi anavyoweza, alinitazama kama niliyeuliza upuuzi.

"Huyo ni mgonjwa, Mama Mwende. Huo si uchafu. Uchafu ni hao wanaochungulia."

Kitu kilichomkera kuliko vyote kilikuwa kilio cha maonyesho. Miaka hiyo tulizika sana. Kila mwezi kulikuwa na matanga mahali fulani, viti vimepangwa nje, nyimbo, sufuria kubwa za chai, na Mama Kantini ndiye aliyepika. Akiwa pale jikoni aliwaona wote wakiingia. Kuna wanawake walioanza kupiga mayowe wakifika tu kwenye kona, wakajitupa mbele ya nyumba, kisha baada ya muda mfupi wakaketi vizuri wakauliza kama kuna chai isiyo na sukari.

"Mwone yule," aliniambia chini kwa chini. "Analia huku anaangalia ni nani amemwona. Kyuu! Mpelekee chai yake, mimi nitaimwaga."

Kwa hiyo alipofiwa yeye, watu walikuja kutazama.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nekesa, msichana aliyekuwa akisuka nywele pale sokoni Jericho. Alishikwa na homa ya mapafu, akapelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hakurudi. Mama Kantini hakulia. Hakulia alipopewa habari, wala safarini kwenda kwao magharibi, na mimi nilikuwa kwenye basi lile, nimeketi kiti cha nyuma yake, nikitazama kisogo chake. Pale kaburini alikuwa akinyoosha kitambaa cha jeneza kilichokunjamana pembeni. Akakinyoosha, kikakunjamana, akakinyoosha tena. Shemeji zake wakanong'onezana kwamba ana moyo wa jiwe.

Tuliporudi Nairobi alifungua kibanda Jumatatu. Tangu hapo sikumsikia akilitaja jina la Nekesa. Ukuta uliotenganisha nyumba zetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilisikia akiweka kijiko mezani. Nilitega sikio kwa miezi. Nilitaka alie, kwa ajili yake na pia kwa ajili yangu, maana ukimya ule ulinitisha. Sikusikia kitu.

Mwaka uliofuata ndipo walipokuja watu wa filamu.

Walitoka ng'ambo, na kamera, na magari mawili yaliyojaa nyaya. Pamoja nao alikuwa mkalimani, mwanamume wa mtaa wa Tena, aliyevaa miwani juu ya kichwa na kumwita kila mwanamke "mama yangu". Alitukusanya akatueleza hadithi. Kuna mama kijana, ana mtoto mchanga. Baba ni mlevi. Mtoto anaugua. Muuguzi kutoka ng'ambo anampenda mtoto huyo, anajaribu kumwokoa, anashindwa. Mtoto anakufa.

"Ni filamu nzito," alisema, na macho yakamng'aa. "Italiza watu dunia nzima."

Alisema hivyo kama anayetuahidi maji ya bomba.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba nyumba zetu zilikuwa safi mno. Hazikufaa. Wakaanza kuzipaka makaa na udongo, ukuta kwa ukuta, mpaka wakafika kwenye kizingiti cha Mama Kantini. Alitoka na brashi mkononi.

"Mnapaka nini hapo?"

"Ni ya kuosheka, mama yangu," mkalimani akasema.

"Kama mnataka pachafu, si mngeenda palipo pachafu tayari?"

Mkalimani akacheka, akawatafsiria wenzake, nao wakacheka pia, kwa upole, kama watu wanaocheka na mtoto. Kizingiti kikapakwa.

Tatizo la pili lilikuwa mtoto. Waliazima mtoto wa jirani, mnono, mashavu kama maandazi. Wakampaka majivu chini ya macho. Halafu, na hili nililiona kwa macho yangu mawili, mwanamke mmoja alichukua brashi ndogo, akaichovya kwenye soda, akampaka mtoto pembeni mwa midomo na kwenye kope ili inzi watue. Inzi wenyewe walikawia. Watu wazima walisimama pale na kamera yao wakingoja inzi wamtambae mtoto wa watu usoni.

Mama Kantini alipenya katikati yao, akamnyakua mtoto, akamfuta uso kwa leso yake.

"Huyu hana mama?" akauliza.

Mama yake alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu, macho chini. Amelipwa. Mama Kantini alimrudishia mtoto, akaenda zake. Walingoja apotee kwenye kona, kisha wakampaka mtoto soda tena.

Sasa utaniuliza kwa nini basi alikubali kuwa mmoja wa waombolezaji. Niliuliza pia. Wanawake wote wa mstari wetu walikuwa wamekubali kukaa kwenye tukio la mazishi, mimi nikiwemo.

"Nitaenda niwaone mkidanganya," alinijibu. "Hiyo sitaki kukosa."

Mazishi yalipigwa picha kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Jeneza lilikuwa dogo, jeupe, na tupu. Tuliketishwa chini na dairekta, mwongozaji wao, akaomba tulie. Tulilia tulivyoweza. Mimi nilijifinya paja. Mwigizaji aliyekuwa mama wa mtoto alikuwa msichana mzuri aliyesomea kazi hiyo, na machozi yalimtoka kila alipotaka, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Dairekta hakuridhika. Mama Kantini alikuwa nyuma yetu, mdomo umefungwa, anatuangalia mmoja mmoja kwa dharau.

Kisha jeneza likapitishwa mbele yetu. Kitambaa kilichokuwa juu yake kikakunjamana, na mmoja wa wabebaji akanyoosha mkono akakiweka sawa.

Hapo ndipo nilipomsikia. Ilianza chini sana hata nikadhani ni gari linanguruma mbali. Ikapanda polepole, ikakatika, ikaanza tena, na haikuwa na neno lolote ndani yake, wala jina, wala Mungu. Wanawake wote tulinyamaza. Tulisahau kamera. Mwigizaji aligeuka na kumkodolea macho. Niliijua sauti ile ingawa sikuwahi kuisikia, maana ndiyo niliyokuwa nikiitegea sikio ukutani mwaka mzima.

Barabarani lori likapiga honi, ndefu, ya mtu aliyezuiwa njia. Yule mtu wa sauti, aliyeshika kinasa sauti juu ya mti mrefu, akatikisa kichwa. Imeharibika.

Dairekta alikuja mbio, amefurahi. Mkalimani akapiga goti mbele ya Mama Kantini.

"Mama yangu, ulikuwa mzuri ajabu. Ni lile lori tu limetuharibia. Anaomba urudie kidogo."

Urudie kidogo! Nilingoja kofi. Mama Kantini akajipangusa mdomo, akaitikia kwa kichwa. Akalia tena. Dairekta akaomba mara ya tatu, akalia mara ya tatu, na alipomaliza wote walipiga makofi. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wakampigia kelele: "Niaje, mathe! Sasa wewe ni staa!" Hakuwasonyea hata. Alipita katikati yetu akaenda kusugua kizingiti chake. Nilibisha mlango wake jioni hiyo, hakufungua.

Filamu ililetwa kuonyeshwa Jumamosi moja mchana, mwaka mwingine, katika ukumbi wa mtaa. Wageni waheshimiwa walipewa viti vya mbele. Sisi tulivaa nguo za kanisani. Mama Kantini alivaa gauni lake la bluu, akaketi kando yangu, mkoba mapajani.

Nitasema nilivyoiona, na asiyetaka kusikia aruke. Ilikuwa mbaya, na ubaya wake ulikuwa wa kunuka. Niliona nyumba zetu, nguo zetu kwenye kamba, mlango wangu mwenyewe, na ndani ya mtaa ule hakuna mtu aliyecheka tangu mwanzo hadi mwisho. Jericho! Mahali ambapo watu hucheka hata matangani. Hakuna aliyemgombeza mtoto, hakuna aliyeazima chumvi, hakuna aliyeimba vibaya akifua. Tulikuwa tumekaa tu milangoni, tukitazama mbali, kama watu waliozaliwa ili wafe vizuri mbele ya kamera. Inzi walionekana wakubwa kama zabibu. Yule muuguzi alilia kuliko mama wa mtoto, na kila alipolia, kinanda kililia naye ili tusije tukasahau zamu yetu. Nilihisi kana kwamba mtu ameingiza vidole vyake kooni mwangu anatafuta machozi kwa nguvu.

Na watu waliyatoa. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, aliyekuwa mbele yetu, ambaye alikuwa amemwona mtoto yule akipakwa soda kama nilivyomwona mimi, alikuwa amelowesha leso nzima.

Kisha mazishi. Jeneza likapita. Msichana mzuri alifungua mdomo wake, uso mzima ukajaa pazia jeupe lililotundikwa mbele, na mdomoni mwake akatoka Mama Kantini.

Walikuwa wameitoa sauti yake wakaitia kwa mwingine. Midomo ililingana na kilio vizuri kabisa. Nilimtafuta Mama Kantini mwenyewe kwenye picha, nikapata bega na pembe ya kitambaa cha kichwa, basi. Ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa kwikwi.

Mama Kantini alinishika kifundo cha mkono.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema, si kwa nguvu.

Mwenyekiti aligeuka, mashavu yamelowa. "Shh, mama. Tunaangalia."

Alisimama. Nilimfuata. Tulipotoka nje kwenye jua aliinama kando ya ukuta wa ukumbi akatapika, yeye ambaye hakuwahi kutema mate mbele za watu. Nilimshika mabega. Mkalimani akatoka nyuma yetu, miwani kichwani, naye pia macho mekundu.

"Mama yangu! Umeona ulivyowaliza? Na huko ng'ambo watalia vile vile."

Mama Kantini alijifuta mdomo. "Wanamlilia nani?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

Alifikiri. Akacheka kidogo. "Si ni yule wa kwenye filamu?"

"Rudi ndani," Mama Kantini akamwambia. "Usije ukakosa mwisho."

Tangu siku hiyo nilikuwa na hasira kuliko yeye. Sikumsalimu tena mkalimani. Niligombana na mwenyekiti mbele ya kanisa. Kazini kwetu, katika ofisi ya mawakili ambako nilikuwa karani, mwenzangu mmoja aliiona filamu ile akaja kutuambia ilimsafisha moyo. Nikamweleza habari za soda na inzi, na akanikasirikia mimi kwa kumharibia filamu yake. Hapo ndipo mate yalipoanza kunijaa. Hadithi nilikuwa nayo na niliisimulia vizuri: walichukua kilio cha mama kwa mwanawe wa pekee wakampa msichana mzuri akivae. Nilimsimulia kila aliyekuwa na masikio. Wengine walikasirika mpaka wakagonga meza.

Yeye hakuisimulia hata mara moja. Barabara ya kule Industrial Area ilipopanuliwa, kibanda chake kiliondolewa, naye akahamia Tena kwa mdogo wake. Tukaonana mara chache, kanisani au sokoni, kwa salamu tu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha nilipokwenda kumwona, Jumapili moja baada ya ibada. Nilikuwa nimesikia kwamba filamu ile itaonyeshwa kwenye televisheni wakati wa Pasaka. Nilimkuta uani, kwenye kigoda, anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Kabla ya kunijibu salamu alitazama viatu vyangu, akaridhika, akaniitia chai. Ilikuja inachemka.

Nikamweleza. Nilikuwa nimezungumza na wakili mmoja kazini. Tunaweza kuwataka waombe radhi. Angalau waandike jina lake. Niliongea muda mrefu. Yeye aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

"Mama Mwende," akasema mwishowe, "kwani wewe bado unabeba hiyo?"

"Nimeshindwa kuitua. Nilikuona ukitapika."

"Unajua kwa nini nilitapika?"

"Kwa sababu walikuibia."

"Hapana." Aliweka ungo chini. "Kile kilio cha kwanza kilikuwa cha mwanangu. Sijui kilitoka wapi. Niliona tu kile kitambaa, halafu sikuona kitu tena. Lori likapiga honi wakakitupa. Cha pili nilikitafuta, nikapata nusu. Cha tatu hakikuwa na kitu, Mama Mwende. Hakuna kabisa. Nilikuwa nimeshajua pa kuanzia, pa kupandisha, pa kukata. Nililia kama wale wanaolia wakiangalia nani amewaona. Na wakanipigia makofi. Sasa pale ukumbini wakakileta hicho cha tatu. Nilikitambua mara moja. Watu wanalia mpaka wanakohoa, na mimi najua humo ndani hakuna mtu. Na aliyewadanganya ni mimi."

Chai ilikuwa inanichoma vidole nikasahau kuiweka chini.

"Kwa hivyo," nikauliza, "hawakukuibia?"

"Wameniibia nini? Cha kwanza hawana. Wamekitupa." Akaanza kucheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu Jericho. "Kile tulisikia sisi, na yule dereva wa lori. Huyo dereva Mungu ambariki, popote alipo."

Alicheka mpaka mdogo wake akachungulia kutoka ndani. Mimi sikucheka. Bado nilikuwa naona kinyaa, kwa ile soda, kwa zile leso zilizolowa, na hata sasa bado naona. Lakini hakuwa ananihitaji nimwonee kinyaa kwa niaba yake, na nilihisi mikono yangu imekuwa mitupu ghafla.

Alichukua ungo tena. Mchele ukapita vidoleni mwake.

"Alikuwa mchoyo, unajua?" akasema.

"Nani?"

"Nekesa."

Nilikuwa sijalisikia jina hilo kinywani mwake tangu mazishi. Sikuthubutu kutikisika.

"Mchoyo kabisa. Alikuwa mdogo hivi. Nikimtuma mandazi, akifika pale kwenye kona anayatoa kwenye karatasi, anayalamba yote. Moja, halafu lingine, pande zote. Halafu anakuja ananiwekea mezani, ananiangalia. Ati sasa nani atataka?" Akasonya, ule msonyo wake mfupi, na macho yakamjaa. "Nilikuwa naona kinyaa, Mama Mwende! Tumbo linanipinduka kabisa. Halafu nakula."